Kiboko Achagua Seva Yake Binafsi

Paukwa!
Pakawa!
Tumbo?
La Kiboko!
Kelele?
Za Kiboko!
Na akili?
Aa, hiyo bado tunamtafutia!

Basi, mwaka mmoja jua lilikausha mito yote, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akajitosa ndani, chubwi! Akasema, "Bwawa hili langu!" Wanyama wakacheka, wakaendelea kunywa. Maana pori lile lilikuwa na desturi yake: neno lisipotoka kwenye tovuti, hakuna anayelitii.

Kiboko akabeba kompyuta yake, akamwendea Nguchiro, fundi wa tovuti. Nguchiro mwenyewe mdogo, mkia mrefu, maneno marefu zaidi.

"We Nguchiro! Nitengenezee tovuti. Andika: Bwawa ni la Kiboko, asiguse mtu. Ukikataa, nakukanyaga chapa!"

Nguchiro aliogopa kweli. Wanawe watakunywa wapi? Lakini akainama kwa adabu. "Hewala, mzee." Akaandika, tik tik tik. Kisha akakuna sikio.

"Mzee, programu hii ya kutengenezea tovuti haiendi bila seva. Seva ndiyo bawabu wa tovuti. Ninazo mbili, na zote zinakaa humu humu kwenye kompyuta yako. Chagua."

"Ya kwanza ikoje?"

"Hiyo ina ukarimu. Fisi akipiga hodi, inasema karibu. Panya akipiga hodi, karibu."

"Panya! Kwangu mimi! Na ya pili?"

"Ya pili ni binafsi hasa. Fisi akipiga hodi, kimya, jii. Panya akipiga hodi, jii. Mzee Kiboko akipiga hodi, karibu mzee, karibu!"

"Hiyo hiyo! Kwangu haingii mtu!"

"Una hakika, mzee?"

"Weka!"

Tik. Ikawekwa. Kiboko akatazama kioo, akaliona tangazo lake kwa herufi kubwa nyekundu. Akarudi nayo bwawani akicheka, hoo hoo hoo, mpaka maji yakatikisika.

Asubuhi wakaja Fisi, Panya, Twiga na watoto wa Nguchiro. Wakanywa, gugu gugu gugu.

"Hamjasoma tovuti yangu?" Kiboko akanguruma.

"Tumepiga hodi, mzee," Twiga akasema, "hakuna aliyeitika."

Nguchiro akasogea, uso mkavu. "Mzee, uliichagua mwenyewe inayokufungulia wewe tu. Tubadilishe? Niweke ile inayokaribisha wote?"

Kiboko akafikiri. Akafikiri tena, mapovu yakamtoka. "Yaani Panya aingie kwangu?"

"Aingie, asome."

"Thubutu! Haingii mtu!"

Akarudi kwenye kona yake, akalisoma tangazo lake peke yake, akafurahi mno. Wenzake nao wakanywa, wakaoga, wakarushiana maji, na wana wa Nguchiro wakawa wanateleza mgongoni kwake, yeye hana habari.

Haya, wajukuu, mmejifunza nini? Kuweni wachoyo! Ila uchoyo wenyewe uwe kamili. Mchoyo wa nusunusu anasumbua majirani. Mchoyo kamili hana neno na mtu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko, yeye hagawi.