Mtoto Asiyeitwa

Sogeeni wanangu, sogeeni, hadithi hii naiogopa hata mimi.

Palikuwa na Zimwi Mwitaji. Lilisimama mlangoni, likaita jina la mtu, na aliyeitwa aliitika, akalifuata, asirudi tena. Lilimwita mume wa mwanamke mmoja, Mize, likamwita na binti yake. Basi Mize alipojifungua mtoto wa kiume akasema, huyu simpi jina, ng'o, tuone litaita nini!

Zimwi likaja, mtoto yuko mgongoni.

"Mwanamke, mwanao nani?"

"Hana jina. Nenda zako!"

Likaja tena, mtoto anatambaa. Hana jina. Likaja tena, mtoto anakimbia. Hana jina, likaondoka.

Mize akafurahi kweli! Lakini jioni moja mtoto akarudi kutoka uwanjani analia, kamasi zinamtoka.

"Mama, wenzangu wote wameitwa kula. Mimi mbona siitwi?"

Mize alijizuia, akajizuia, akajizuia, akashindwa.

"Faki!"

"Naam, mama!" Mtoto akacheka, akaruka. "Niite tena!"

"Nimelisikia," likasema Zimwi mlangoni.

Mize akamkumbatia mwanawe. "Unamchukua?"

"Si leo. Ila nitakuja, usijidanganye. Mpaka hapo, mwite wewe."

Mize akalia, akamwita. Faki, njoo ule. Faki, njoo uoge. Faki! Na hata pasipo na la kumwambia alimwita, ili amsikie tu akiitika.

Hadithi yangu inaishia hapo, wanangu. Nitakayemwita sasa, aitike.