Kanga Mbili na Kiti Kimoja

Nitawapa kisa, nanyi mtanipa hukumu. Mimi hukumu yangu nimeitafuta na sijaipata.

Walikuwapo wakunga watatu, kila mmoja na kipawa ambacho wenzake hawana. Bi. Anyesile Mwakalobo hakuona haya kusema hajui. Bwana Nassoro Mnyone alikuwa na mikono inayofundisha: alichokuonyesha mara moja hukukisahau tena. Na Perpetua Kokugonza hakuachia jambo njiani. Akikuuliza kitu leo, kesho atakuuliza umefikia wapi.

Walikutana kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chao, mahali ambapo, mpaka siku hiyo, hakuna hata kimoja kati ya vipawa hivyo kilichowahi kuwa na kazi.

Niwaeleze mkutano wenyewe, kwa wale ambao hawajabahatika. Ni siku tatu katika ukumbi wa hoteli moja ya Morogoro. Siku ya kwanza ni ya kumngoja mgeni rasmi, na kuwasikiliza watu wanaosema itifaki imezingatiwa kisha wakataja wakubwa wote mmoja mmoja. Siku ya pili ni ya slaidi. Mtaalamu huwapa watu mgongo na kuwasomea ukutani maneno ambayo kila aliyemo ukumbini anaweza kujisomea, isipokuwa yale yenye herufi ndogo mno, ambayo hata yeye huyaruka akisema muda hautoshi. Siku ya tatu ni ya maazimio, yaliyoandikwa kabla mtu yeyote hajafika, na picha ya pamoja, na vyeti vinavyothibitisha kwamba mwenye cheti ameelimika. Kila mmoja hurudi kwake na mkoba wenye jina la chama. Ukimuuliza amejifunza nini, atakwambia mkutano ulikuwa mzuri.

Sisemi kwamba ni watu wabaya. Wengi wao ukiwaona kazini utawavulia kofia. Ndiyo maana inakera. Mtu anayejua kumtoa mtoto aliyekaa vibaya tumboni anakalishwa siku tatu kama gunia la mkaa, na yeye mwenyewe, kwa hiari yake, anakubali kuwa gunia.

Basi mwaka huo mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Mshereheshaji aliwasimamisha watu wapige makofi ya kujichangamsha, akawakalisha, akawasimamisha tena. Alipoishiwa, akasema mwenye neno fupi aje mbele. Alitegemea salamu za mikoa, pengine wimbo.

Aliyekwenda ni Bi. Anyesile, mwanamke wa makamo, mkunga wa miaka ishirini na sita. Akashika kipaza sauti.

"Mimi naomba kufundishwa," alisema. "Mama akishajifungua, tunaambiwa tuangalie damu isizidi nusu lita. Mimi nusu lita ya damu iliyomwagika kitandani siijui inafananaje. Kila siku naandika 'kiasi cha kawaida.' Mwezi wa tatu niliandika hivyo, na yule mama akafa."

Mwenyekiti wa chama, Bwana Rwegoshora, alimnong'oneza katibu kwamba huyu mama anatuaibisha, na wageni wako karibu kuingia. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Miaka ishirini na sita?" Lakini hakucheka, na waliokuwa karibu naye hawakucheka pia. Kila mmoja alikuwa ameandika maneno hayo hayo juma lililopita.

Hapo akainuka Bwana Nassoro, wa zahanati moja ya Kilosa. Jambo hilo alilijua miaka yote. Miaka sita mfululizo alikuwa amekuja mkutanoni na kanga zake kwenye mfuko, na miaka sita kamati ya maandalizi ilimjibu kwamba hana mada ya kitaalamu, ila anaweza kubandika karatasi yake ukutani kwenye ujia wa kwendea msalani.

Hakugusa projekta. Alichukua jagi la juisi ya rozela kwenye meza ya viburudisho, akaomba kikombe cha kupimia jikoni, akatandika kanga juu ya meza kuu, palipokuwa na maua ya mgeni rasmi. Akapima, akamwaga, akawaita watu waje wakadirie. Waliangalia ule wekundu unavyotambaa. Mmoja akasema vijiko vitatu vya chakula. Mwingine akasema kikombe kidogo cha kahawa. Wote walikadiria chini, na kadiri mtu alivyokuwa na vyeo ndivyo alivyokosea kwa kujiamini.

"Kanga moja kama hizi ikilowa kabisa, hiyo ni robo lita," alisema Nassoro. "Ya pili ikilowa, dada zangu, usimuulize mgonjwa anajisikiaje. Atakwambia hajambo. Wewe anza kazi."

Watu mia moja na arobaini walizikamua kanga zile kwa mikono yao. Mgeni rasmi alipofika alikuta meza imetapakaa wekundu. Alisoma hotuba yake kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mkutano ukaisha, watu wakatawanyika. Na hapa ndipo elimu ya mikutano hufia: kwenye mkoba, juu ya kabati. Lakini Perpetua alikuwa ameshika daftari la mahudhurio. Miaka yote watu huandika humo namba zao za simu, na hakuna aliyewahi kuzipiga. Baada ya wiki tatu akaanza kuzipiga, moja baada ya nyingine, kila siku akitoka kazini. Swali lake lilikuwa moja: umeshazitenga kanga?

Zawena Chipindula, mkunga wa kituo kimoja cha afya upande wa Gairo, alijibu kwamba somo lilimgusa sana.

"Sijauliza kama lilikugusa, mdogo wangu. Nimeuliza kanga ziko wapi."

Zawena akakiri kwamba bado. Kazi zilikuwa nyingi.

"Basi nenda katafute. Mimi nakungoja, simu sikati."

Zawena akaenda na simu sikioni, akapata kanga mbili za kipimo kile, akazitundika kwenye msumari wa chumba cha kujifungulia. Siku ya nane, saa nne asubuhi, alijifungua mama mmoja aitwaye Tabu, mtoto wake wa tano. Tabu alikuwa anaongea, anauliza mtoto amefanana na nani. Kanga ya pili ilipolowa alikuwa bado anaongea. Zawena hakungoja aache kuongea. Aliita wenzake, akasugua tumbo, wakamchoma sindano, wakatundika dripu, gari likaitwa. Tabu yuko hai, na watoto watano wana mama.

Zawena aliandika barua, na barua ilisomwa kwenye mkutano wa mwaka huu. Wanachama wakadai aliyeleta jambo hili apewe kiti katika kamati ya maandalizi, aupange mkutano ujao. Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja. Vinane vingine vina wenyewe, wamevikalia mpaka vimechukua umbo lao. Bwana Rwegoshora alisema kwa upole kwamba, kwa haki, shukrani ni za mgeni rasmi, maana asingechelewa nafasi isingepatikana. Wapo waliopiga makofi. Kisha akawapa wanachama mpaka mwisho wa chai wakubaliane jina moja. Wasipokubaliana, kamati itajaza yenyewe, na ratiba itachapwa ile ile.

Penye chai watu wakagawanyika. Wa Anyesile walisema Nassoro alikaa na kanga zake miaka sita na hakuna aliyemwona. Mtu hafundishiki mpaka mmoja aseme sijui, na kusema hivyo mbele ya wenzako, huku ukikiri na kifo cha mgonjwa, si jambo dogo. Wa Nassoro walisema kukiri ujinga hakuzuii damu, na kupiga simu bila kitu cha kukumbusha ni salamu tu. Wa Perpetua walileta daftari. Watu mia na arobaini walizikamua zile kanga. Perpetua alifikia jina la hamsini na mbili kabla hajaugua. Wale hamsini na mbili wengi wana kanga msumarini. Waliobaki wana mkoba.

Walimuuliza Zawena, aliyekuwepo. Akasema siku ile alikuwa anamwangalia mgonjwa, hakuwa anahesabu wa kumshukuru.

Wale watatu wamesimama karibu na dirisha, hawaombi kitu. Vikombe vinakusanywa. Bwana Rwegoshora ameshaangalia saa yake mara mbili, na anatabasamu. Karatasi ya kura iko mkononi mwako, ewe unayenisikiliza, na ina nafasi ya jina moja tu. Utaandika la nani?