Maji ya Kwanza ya Ndiva

Sogeeni karibu, na jirani yako akisinzia mwamshe, maana mwisho wa kisa hiki kazi ni yenu.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Upare walikuwapo watu watatu. Nakiete alijua kuuliza. Senkondo alijua kuonyesha. Mbazi yeye alijua kuchekesha, hata msibani alikuwa akiombwa akae nyuma.

Mwaka huo ukuta wa ndiva, bwawa linalonywesha mashamba yote, uliingia ufa, na mvua zilikuwa karibu. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akahutubia mpaka watu wakachoka kupiga miayo. Wakaitikia ndiyo, lakini siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, hakuja mtu na jembe. Ndipo Mzee Mshana, msimamizi wa maji, alipotangaza, "Atakayewatoa watu hawa majumbani, maji ya kwanza ni yake." Hakufikiri kwamba watajitokeza watatu.

Nakiete aliyataka maji hayo kwa moyo wote. Shamba lake lilikuwa mwisho wa mfereji, na mwaka uliopita mahindi yake yalikauka yote. Wanawe walishinda njaa, na aliapa hayatajirudia.

Katika mkutano wa pili watu walikuwa wameshaanza kuinuka. Nakiete akawazibia njia.

"Mama Nanzia, mwaka jana ulivuna nini?"

"Mabua."

"Na wewe, shemeji?"

"Mabua, kama wewe."

Akauliza mmoja mmoja, na kila aliyejibu akarudi kuketi ili asikie jirani yake atasema nini.

Walikaa, lakini walibisha kwamba ufa ule ni mdogo. Senkondo akafinyanga ndiva ya udongo juu ya sinia, akautia ukuta ufa kwa ukucha, kisha akamwita mbishi mkubwa amimine maji. Ukuta ukaondoka wote, na mbishi akalowa miguu. Hakubisha tena.

Waliamini, lakini kila mmoja akamtazama mwenzake aanze yeye. Hapo Mbazi akaanza kuwaigiza wanavyokwepa msaragambo: huyu kashika kiuno, yule ana mgeni, na Mbazi mwenyewe kajificha uvunguni. Walicheka mpaka wakaona haya.

"Kesho nani ataumwa kiuno?" akauliza. "Hakuna!" wakaitikia wote.

Alfajiri baragumu lilipolia, kijiji kizima kilikuja. Ukuta ukajengwa, mvua ikanyesha, ndiva ikajaa.

Sasa watatu hao wamesimama mbele ya mlango wa maji, kila mmoja ana mbegu ardhini.

"Bila kuona wangeamini nini?" asema Senkondo.

"Waliamini wakiwa wameketi," asema Mbazi. "Nani aliwainua?"

"Na mngemwonyesha nani, mngemchekesha nani, kama wangekwenda zao?" auliza Nakiete. Jembe liko begani, na hasogei. Hataki kuhurumiwa kwa ajili ya wanawe. Anataka haki yake.

Mzee Mshana ameshika mlango wa maji na anawatazama nyinyi. Je, wewe ungemwambia amfungulie nani?