Binti Aliyeachwa Mtoni

Hii imenifikia asubuhi nikiwa jikoni, nikacheka hadi chai ikamwagika. Nawaletea nanyi. Ila someni taratibu mpaka mwisho, maana nawajua: kuna watu humu husoma mstari wa kwanza na wa mwisho, halafu wanajibu "Amina".

Zamani, katika nchi ya Welisi, nchi ndogo yenye milima, mvua na kondoo wengi kuliko watu, aliishi mshona kofia aitwaye Lowri. Siku moja alianza kuandika riwaya kwa lugha ya kwao, jambo ambalo hakuna mwanamke wa bonde lile aliyewahi kulifanya. Gazeti la mji wa jirani likawa linaichapa kila wiki, kipande kwa kipande.

Riwaya ilimhusu Nest, binti wa mchunga kondoo. Baba yake alitaka kumwoza kwa tajiri mwenye kinu cha kusaga, lakini moyo wake ulikuwa kwa kijana mpiga kinubi, asiye na mbele wala nyuma.

Mchungaji wa kanisa alilosali Lowri, Mchungaji Prydderch, alichukia sana. "Hadithi ya kubuni ni uongo," alisema, "na mwanamke anayesambaza uongo ni wa kuombewa."

Sasa, Mchungaji huyu alikuwa na kipaji. Wahubiri wa kule wakishapata moto, sauti hupanda ikawa kama wimbo, na msikilizaji husisimka mwili mzima. Ili awaonyeshe waumini ubaya wa riwaya, ilimbidi kwanza awasimulie.

"Sikilizeni upuuzi wa wiki hii, wapendwa," alianza, naye akausimulia upuuzi wote kwa ile sauti yake. Alipomwigiza baba mkali, watoto waliinamisha vichwa. Alipofika kwa mpiga kinubi, akina mama walitoa leso.

Wengi wao gazeti hawakulipata kabisa. Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Baadaye wakaja hata waumini wa kanisa la ng'ambo ya bonde, ambao walikuwa hawasalimiani na hawa kwa sababu ya ubishi wa ubatizo, wakasimama ukutani kwa kukosa nafasi. Bibi Marged, aliyezoea kusinzia kiti cha nyuma, alihamia cha mbele kabisa. Mchungaji akaamini kwamba Mungu amebariki huduma yake.

Lowri alikuwa akiketi palepale kati yao, akisikia kazi yake ikilaaniwa, na ilimuuma.

"Nimelelewa katika kanisa hili," alimwambia dada yake, Beti. "Wazazi wetu wamezikwa nyuma yake. Wakinifukuza nitakwenda wapi?"

"Huoni wanavyomsikiliza Mchungaji akiisimulia?" Beti alimwuliza.

"Mimi naona wanavyonitazama."

Mwishowe wazee wa kanisa walimwita, wakampa achague: kalamu au ushirika. Lowri alilia, kisha akachagua kanisa. Akaliarifu gazeti kwamba riwaya imekoma. Nayo ilikoma pabaya. Nest alikuwa ametoroka nyumbani, daraja limevunjika, yuko katikati ya mto uliofurika, ameshikilia tawi moja tu.

Jumapili ile Mchungaji alitangaza ushindi. "Uongo umenyamazishwa," alisema. "Leo tunaanza kitabu cha Hesabu."

Hakuna aliyeitikia. Jumapili iliyofuata wale wa ng'ambo hawakuja, na Bibi Marged alirudi kiti chake cha nyuma kulala.

Jumatano, mvua ikinyesha, Lowri alisikia hodi mlango wa jikoni. Akafungua. Alikuwa Mchungaji, kofia yake ikichuruzika maji.

"Bwana asifiwe, dada Lowri."

"Amina, Mchungaji. Karibu. Nimekosa nini tena? Mbona nimeshaacha."

"Hujakosa." Aliketi, akautazama moto, akakohoa. "Nina swali dogo tu. Yule binti. Lile tawi lilishika?"

"Mchungaji, si ulisema ni uongo? Hakuna binti. Hata huo mto haupo."

"Najua haupo. Nakuuliza, tawi lilishika?"

Lowri alimkodolea macho.

"Mke wangu hasemi nami," Mchungaji aliendelea kwa unyonge. "Anasema nimemwacha mtoto wa watu majini. Na mimi mwenyewe, dada, kila nikifungua Hesabu namwona yeye tu."

Hapo Lowri alicheka. Alicheka hadi Beti akatoka chumbani kuja kutazama kuna nini.

"Sijui kama lilishika," alisema alipopata pumzi. "Sijaandika. Mlinikataza."

Mchungaji akavua koti lililolowa, akalitundika, akavuta kiti karibu na moto. "Basi andika. Nitasubiri hapa hapa. Wazee niachie mimi." Akanyoosha viganja kwenye moto. "Ila nakuomba usimwoze kwa yule mwenye kinu."

Jumapili Mchungaji alipopanda mimbarani, kanisa lilikuwa limefurika hadi mlangoni, maana kijijini hakuna siri. Aliwatazama watu wake, akamtazama Lowri aliyeketi mahali pake pa siku zote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wapendwa, nilimkosea dada yetu, na ninyi nyote mlinisikia nikimkosea. Nisamehe, dada Lowri." Kisha akavuta pumzi. "Tawi lilishika."

Waliitikia amina moja ambayo, wanasema, iliwatimua kondoo wa mlima wa pili. Na sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya mke wa Mchungaji.

Funzo: Usiache kazi ya mikono yako kwa kuwa mtu ameilaani mbele za watu, huenda huyo huyo ndiye anayeingojea kuliko wote, ila hajapata ujasiri wa kukupigia hodi.