Jina la Mtoto wa Maskati

Kaeni mnisikilize, kisha mnisaidie, maana kisa hiki mimi kimenichosha. Nilikuwepo tangu mwanzo, jirani wa ukuta mmoja, na mpaka sasa sijui la kusema.

Bi Mwanahawa wa Tanga ana mabinti wanne. Raya, wa mwisho, ameolewa Maskati, na Jumamosi alijifungua mtoto wa kike. Wengine watatu wako nyumbani, kila mmoja na kipaji chake. Zaituni husoma kila kilichoandikwa, hata kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa ya kichwa. Sihaba ana mikono: akishika bisibisi, kitu kitatengenezeka. Tausi ana subira, ukimfokea anakukaribisha chai.

Wakwe wa Raya walikubali jina la mtoto litoke kwa bibi yake, siku ya saba, Ijumaa saa nne asubuhi. Ikifika saa nne na nusu bado, watampa jina la kwao. Sasa Bi Mwanahawa hampi jina mtoto ambaye hajamtazama usoni. Picha kwenye simu za mabinti huganda, na macho yake yanataka kioo kikubwa. Kompyuta anayo, chumbani kwake. Mtandao ndio hana.

"Atakayenifikisha kwa mjukuu wangu," akasema, "mtoto ataitwa jina lake."

Hapo ndipo alipotuharibia wiki.

Zaituni alichagua modemu. Alisoma maboksi yote akiwa amesimama dukani, muuzaji anapiga miayo. Ya kwanza akaikataa: inakubali laini ya kampuni moja tu, na kampuni hiyo mtaani kwetu haishiki. Ya pili akaikataa: haina tundu la waya. Akarudi na ya tatu. Bila yeye wangenunua pambo la meza.

Sihaba alivuta waya. Modemu ilishika vizuri dirishani sebuleni, lakini kuta za nyumba ile ni za mawe, nene, na mtandao haukufika chumbani.

"Mama, tuilete kompyuta sebuleni."

"Nimwone mjukuu wangu mbele ya kila mpita njia? Sitaki."

Basi Sihaba akatoboa kuta mbili, akapitisha waya juu ya milango, akabana ncha zake kwa koleo. Vumbi lilifika hadi kwenye sufuria yangu ya wali. Bila yeye mtandao ungeishia sebuleni.

Tausi naye alizipatanisha modemu na kompyuta. Taa ilikuwa nyekundu, modemu inataka herufi fulani ambazo hazikuandikwa popote. Hata Zaituni hakuziona. Tausi akapiga huduma kwa wateja. Alisikiliza muziki uleule tangu adhuhuri hadi alasiri, wakamkatia mara tano, na kila aliyepokea alimwambia azime halafu awashe. Wa sita akamtajia zile herufi. Taa ikawa kijani.

Ijumaa, saa nne kasorobo, mtandao ukakatika.

"Waya wako huo," akasema Zaituni.

"Modemu yako," akajibu Sihaba.

Sihaba akaufuata waya kwa mkono mpaka ukamfikisha kwenye kabati la vioo la sebuleni. Limefungwa kwa ufunguo. Ndani, katikati ya vikombe vya harusi, modemu imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua. Bi Mwanahawa aliiweka humo wakati mabinti wanaoga, kwa sababu nyumbani kwake kitu cha thamani hakikai wazi. Nilitamani kupiga kelele.

"Mama, inapata joto, inajizima. Imeandikwa, ukurasa wa tatu."

"Vitu vizuri hukaa kabatini. Hata baba yenu alijua."

Tausi alimbembeleza robo saa nzima ndipo ufunguo ukatoka. Sihaba akaitoa modemu, akaipepea kwa kanga yake. Saa nne na dakika ishirini, kioo kikaonyesha kitu kidogo chekundu kilichokunja uso, kinapiga chafya. Bi Mwanahawa akalia. Nami nikalia, pamoja na hasira zangu zote.

"Bibi," akasema mkwe kutoka Maskati, "tunasubiri jina."

Wale watatu, nyuma ya kitanda, wakaanza kwa pamoja.

"Nani aliichagua?"

"Nani ametoboa mawe?"

"Na nani aliongea na wale watu?"

"Nyamazeni," akasema mama yao. Akageuka, na katika watu wote akanitazama mimi. "Jirani, umekaa mlangoni kwangu siku nne unanung'unika. Umeona kila kitu. Nimtaje nani?"

Nami nawatazama ninyi. Mtoto ni mmoja na jina ni moja, atalibeba mpaka uzeeni. Ungekuwa wewe kwenye kiti changu, ungesema nani: Zaituni, Sihaba au Tausi? Jibu upesi, maana taa ya modemu imeanza tena kuwa nyekundu.