Tanuri la Bibi Despina

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, zamani ya juzi tu, mizabibu ilipokuwa imeshauzoea udongo wa Hombolo, aliishi huko mjane mmoja wa Kigiriki, Bibi Despina. Kaeni sawa, maana mwishoni nitauliza, na nikiuliza sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Bibi Despina alikuwa na tanuri la matofali uani, na kibanda chake cha kupikia. Mkate ukitoka mle, harufu ilifika kisimani. Sasa binti yake alikuwa ameahidi kuja mwakani kumchukua, arudi kwao akazeekee huko. Bibi akatangaza: "Tanuri hili nitampa atakayenipikia chakula cha kwetu kabla sijaondoka. Kwetu tulikuwa maskini, kwa hiyo msininunulie makorokoro ya mjini. Kitoke hapa hapa. Na kisitoke kwa dhuluma: si ya mti, si ya mnyama, si ya mtu."

Aliyesikia hayo moyo ukamruka ni Sechelela. Huyu alifiwa na mume, akarudi kwa kaka yake, akawa anapika maandazi ya kuuza jikoni kwa wifi. Jikoni kwa wifi mnakujua? Unangoja amalize. Unaomba kuni. Unaomba sufuria. Hata chumvi unaichota huku unatazama mlango. Sechelela alilitaka tanuri lile mpaka akawa analiota.

Alikwishasimuliwa na Bibi kwamba kwao huchuma majani ya mzabibu, hufunga ndani yake nafaka na jibini, kisha huyaoka. Basi akaondoka, akaenda kwa Ndahani, mwenye shamba la zabibu.

"Kaka Ndahani, nipe majani."

"Majani yapo, dada, lakini yote nimeyapiga dawa ya wadudu."

"Msimu ujao uniachie mstari mmoja bila dawa."

"Nikiuacha, wadudu watamaliza zabibu zake."

"Nakuomba."

Ndahani akajikuna kichwa, akauacha. Wadudu wakaja kweli, wakaingia kwenye vichala, na katika mstari ule hakuvuna hata zabibu ya kuonja. Majani lakini yakabaki laini na safi. Sechelela akachuma yale tu ambayo mti ungepunguziwa kwa vyovyote vile.

Akaondoka, akaenda kwa Mama Chiwanga, mfugaji wa mbuzi.

"Mama, nipe maziwa ya jibini."

"Maziwa yapo, mwanangu, lakini kwangu vitoto vya mbuzi hunyonya kwanza. Kinachobaki ndicho chetu."

"Tuvifunge kamba kidogo, asubuhi tu."

"Thubutu! Bibi alisema nini kuhusu mnyama?"

Sechelela akaona aibu. Basi Mama Chiwanga akawa anampa chote kinachobaki, na nyumbani kwake wakawa wanakunywa chai ya rangi, mpaka wajukuu wakamnunia bibi yao. Lakini jibini likapatikana, jeupe, linadondosha maji kwenye kitambaa.

Yaliyosalia Sechelela akayatafuta mwenyewe. Mchele ghali, akachukua uwele alioulima kwa mikono yake. Limau hakuna, akaloweka ukwaju. Mafuta akakamua ya alizeti.

Siku ya siku ikafika. Sasa, nyie mnatujua Wagogo. Tukiona mboga ya majani inakaza, mkono unakwenda wenyewe kwenye magadi ya kulainishia. Sechelela akaingia kibandani kwa Bibi, akachemsha maji, akatia magadi kama alivyofanya mama yake kila siku ya Mungu, akatumbukiza majani yote. Alipofunua chungu, lo! Hakuna jani la kufungia kitu. Yote rojorojo.

Akakaa chini akalia. Ndahani akachungulia mlangoni, akaona. "Mstari wangu mzima, Sechelela!" Akaondoka zake.

Alipochoka kulia, akainuka. Akaosha rojo lile mpaka magadi yakatoka, akalikamua, akalichanganya na jibini, uwele na ukwaju. Akasukuma unga wake wa maandazi ukawa mwembamba, akautandaza chini, akamwaga vile vitu, akafunika kwa unga mwingine, akaupaka mafuta. Akausukuma tanurini.

Jioni wakaketi wote uani. Bibi Despina akakata kipande, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Sechelela akasema kimoyomoyo, nimekwisha.

Bibi akaanza kulia. "Majani ya kufunga tulikula sikukuu," akasema. "Hiki ndicho mama yangu alichotupa siku zote, mboga za porini na jibini ndani ya unga. Sikuwatajia kwa sababu niliona haya, chakula cha shida." Akaongeza kipande, akaongeza kingine. Wakala wote wakashiba, wakalamba vidole, hata wale wajukuu walionuna wakacheka.

Ndipo Bibi akauliza, "Haya, tanuri ni la nani?"

Ndahani akasema, "Ni langu. Mimi ndiye niliyepoteza. Mstari mzima, Bibi, ili ule majani yasiyo na sumu."

Mama Chiwanga akasema, "Ni langu. Nimewanyima wajukuu maziwa, sikuwanyima wana wa mbuzi. Bila mimi ungekula dhuluma."

Sechelela akasema, "Ni langu. Mimi ndiye niliyepika."

"Wewe ndiye uliyeharibu!" akasema Ndahani.

"Nisingeharibu, Bibi angekula cha mama yake?"

"Kwa hiyo tukulipe kwa kukosea?"

Mama Chiwanga akamshika Sechelela mkono. "Mwanangu, usigombe. Likiwa langu, likiwa la Ndahani, si utakuja tu uoke wakati wowote? Utaomba tu, tutakupa."

"Mama," akasema Sechelela, "kuomba ndiko kulikonichosha."

Bibi Despina akawatazama mmoja mmoja, ufunguo wa kibanda uko kiganjani, mkono umenyooka, hajui aupeleke wapi.

Na mimi sijui. Yupo aliyepoteza, yupo aliyekataa kudhulumu, yupo aliyekosea akapatia. Wewe uliyeshiba hapo nyuma, na wewe unayejifanya hunioni, semeni: je, nani alistahili tanuri?