Kiboko na Ukurasa Uliokawia

"Nitegeeni masikio!"

"Tumeyatega, yajaze!"

"Niyajaze ya kweli?"

"Ya kweli tunayo nyumbani, tupe ya uongo!"

Basi sikilizeni. Sikudhani, mke wa Kindi, alimwambia mumewe asogeze majani ya kiota, kwa sababu jua lilikuwa linampiga usoni. Kindi akasogeza.

"Kidogo tu, Baba Chiku," mkewe akasema. "Sikusema tukae gizani."

Kindi akayarudisha kidogo. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba ile.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Visima vyote vilikauka, ukabaki mto mmoja, na katika mto huo aliishi Kiboko. Kiboko alisema kupanga foleni mtoni ni ushamba. Akazungushia mto boma la miiba lenye mlango mmoja, akamweka Mamba mlangoni, kisha akafungua tovuti. Kila mnyama aombe zamu ya maji kwa simu. Asiyepata zamu kabla jua halijapita utosini, maji yake ya siku hiyo ni ya Kiboko.

Kindi akafungua tovuti. Duara likatokea, likaanza kuzunguka. Zunguu, zunguu, zunguu. Juu ya duara likajitokeza sikio moja la Kiboko. Basi. Jua likapita utosini.

Siku ya pili akafungua tena. Zunguu, zunguu, zunguu. Sikio. Jua likapita.

Akaendelea kufungua, na duara likaendelea kuzunguka. Sikudhani alikuwa anaumwa, naye mgonjwa hukaushwa upesi na kiu. Alikufa duara likiwa linazunguka.

Kindi akamzika, akarudi kuwatazama watoto, Chiku na wadogo zake. Ndimi zao zilikuwa kavu. Hakulia, maana machozi nayo ni maji. Akashuka mpaka mtoni.

"Mheshimiwa," akaita kwa nje ya miiba, "tovuti yako haifunguki."

"Haifunguki?" Kiboko akaibuka, chubwi! Akachukua simu yake juu ya jiwe, akabonyeza. Pa! Ukurasa ukafunguka wote: picha ya Kiboko akipiga miayo, wimbo wa kumsifu Kiboko, Tausi akicheza, Kasuku akitangaza udongo wa kupaka usoni.

"Umeona? Kwangu inafunguka. Badilisheni simu zenu."

Kindi akatazama vizuri, akaelewa. Kiboko hakuwa anasema uongo. Alikuwa ameufungua ukurasa ule mara nyingi mno, asubuhi na jioni, ajitazame, hata simu yake ikauhifadhi wote tumboni. Haikuuleta kutoka popote. Ilitoa kile ilichokuwa nacho. Kiboko alikuwa anapima urefu wa safari akiwa amekaa kwake.

"Kweli, inafunguka," Kindi akasema kwa adabu. "Basi nitawaambia Nyani kule mlimani waache maneno yao."

"Maneno gani?"

"Ya kipuuzi tu. Picha yako kwao huishia sikioni. Sasa wanabishana. Wengine wanasema ni sikio la panya."

"La panya!"

"Na wengine wanasema panya hana sikio baya vile."

"Nionyeshe njia!" Kiboko akanguruma. "Nitawafungulia mimi mwenyewe, waone uso mzima!"

Akatoka mtoni, tii, tii, tii. Mamba akampisha. Kutoka hakuhitaji zamu.

Njiani Kindi akasema, "Simu ina tope, Mheshimiwa. Nikusafishie?"

"Safisha, safisha."

Kindi akaondoa tope. Kisha akaondoa na ule ukurasa uliohifadhiwa ndani ya simu, akairudisha iking'aa.

Wakafika mlimani. Jua lilikuwa kali. Nyani wakakusanyika. Kiboko akainua simu.

"Haya, tazameni!"

Zunguu, zunguu, zunguu. Sikio.

"Ndilo hilo hilo," Nyani mmoja akasema. "La panya."

"Subirini, linakuja shavu!"

Zunguu, zunguu, zunguu. Shavu halikuja. Lililokuja ni jua, likakaa juu ya mgongo wa Kiboko. Nanyi mnajua ngozi ya kiboko haiwezi jua. Ikaanza kukakamaa, kisha ikapasuka, pwa!

"Nitawaonyesha siku nyingine!" Kiboko akageuka na kukimbia, tii-tii-tii, mpaka mlangoni pa mto.

Mamba akajilaza katikati ya mlango. "Zamu yako, Mheshimiwa?"

"Zamu? Wewe una wazimu? Ni mimi!"

"Kila anayekuja hapa husema ni yeye."

"Huu ni mto wangu!"

"Kanuni inasema kila anayeingia awe na zamu. Nilikuuliza kama kuna wa kuachwa apite bila zamu, ukanikaripia mbele ya wanangu."

Kiboko akashika simu. Zunguu, zunguu, zunguu. Ngozi, pwa! Akatazama huku na huku, akamwona Kindi.

"Kindi, ndugu yangu! Ifanye ifunguke!"

"Ukurasa ni mzito, Mheshimiwa. Nipe nywila niupunguze."

"Kibokomkubwa! Yote kwa herufi kubwa! Upesi!"

Kindi akaiandika katika simu yake, akaingia nyuma ya ukurasa. "Picha yako ni kubwa kuliko wewe mwenyewe. Niiondoe?"

"Ipunguze nusu!"

Akaipunguza nusu. Zunguu, zunguu. Pwa!

"Iondoe!"

"Na wimbo unaojiimba wenyewe?"

"Ule ni mzuri bwana, una ubeti wa mama yangu." Zunguu, zunguu. Pwa! "Uondoe!"

"Na Tausi anayecheza?"

"Tausi ni shemeji yangu, nitamwambia nini?" Pwa! "Atacheza kwao!"

"Na Kasuku? Huyu haishi hapa. Ukurasa ukianza kufunguka, hutumwa mjumbe msitu wa pili kumwita. Asipofika, wote tunamngoja. Na yeye kila mara yuko kwa wakwe."

"Mfukuze! Mfukuze na wakwe zake!"

Kindi akafuta. Likabaki swali moja, "Mnaomba maji wangapi?", na kitufe kimoja cha kubonyeza.

Pa! Ukurasa ukafunguka. Ukafunguka kwa Kiboko, na ukafunguka kwa kila aliyekuwa nje ya boma la miiba. Pa, pa, pa, kwa Swala, kwa Nungunungu, kwa Nyani mlimani.

Kiboko akabonyeza kwa pua. Jibu likaja palepale: "Ombi limepokelewa. Mbele yako wapo Chiku na wadogo zake, kisha Swala, kisha Nungunungu, kisha Nyani wote."

"Kwa nini wao kwanza?"

"Walianza kungoja kabla yako," Kindi akasema.

Watoto wa Kindi wakaingia mtoni wakanywa. Kiboko akawatazama wakinywa. Alipoingia yeye, jua lilikuwa linatua, na mgongo wake ulikuwa kama udongo wa bwawa lililokauka.

Jioni ile ile akaita mkutano. Akatangaza kwamba yeye, kwa hekima yake, amebuni ukurasa mwepesi. Akajivika nishani, akapigwa picha, akaamuru picha ya nishani iwekwe juu ya ukurasa.

"Nimeiweka, Mheshimiwa," akajibu Kindi, ambaye sasa ndiye peke yake aliyejua nywila. "Inafunguka."

Mpaka leo bado inafunguka.

Fundisho la hadithi hii, enyi wenye tovuti, ni hili: mgeni akibisha hodi msimfungulie haraka, atawadharau. Mwimbieni kwanza, mchezeeni, mwonyesheni sikio. Akifa mlangoni, mjue alikuwa na simu mbovu. Na mkitaka kujua kama mlango wenu unafunguka, ujaribuni mkiwa ndani.

Hadithi imetua!

"Nasi tumetua nayo! Lakini Kindi je?"

Kindi? Kesho yake asubuhi alishika simu, akaomba zamu. Ukurasa ulifunguka kabla hajavuta pumzi, ukamuuliza wanaomba maji wangapi. Akaandika idadi aliyozoea kuihesabu nyumbani. Akaitazama. Akaifuta, akaandika pungufu kwa mmoja, akabonyeza, kisha akawaamsha watoto wakaenda mtoni.